Mzambarau wa Nyuma ya Jiko

4 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo, na baridi ya huko imepungua? Sisi wazima, ila mama ni vile vile. Tangu apooze upande wa kushoto hajasema neno, na chakula anakigeuzia uso ukutani. Uji namlisha, nusu unaishia shingoni.

Fundi amekuja kupima kiwanja cha chumba chako. Anasema ule mzambarau pori lazima uondoke, umekaa pa kuchimba msingi. Nimjibu nini?

Dada yako

19 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua nimeisomea kazini, mikono ina sabuni ya masufuria. Mwambie mama namwota.

Fundi akate tu. Mti wenyewe ulijiotea, hakuna aliyeupanda, na zambarau zake zinakausha ulimi. Nami nikirudi nitahitaji pa kulala.

Mdogo wako

27 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Samahani kwa kimya, nilikuwa natafuta pa kuanzia.

Fundi alikuja na msumeno mti ukiwa umezaa hasa, ardhi yote imejaa rangi ya zambarau. Nilimtoa mama nje nikamkalisha kitini, chumba kipate hewa. Fundi akaokota zambarau, akala, akacheka peke yake. Mama akanyoosha mkono ule mzima. Nikampa moja. Akaifyonza, akatema kokwa, akataka nyingine, mpaka midomo ikawa kama ya mtoto mtundu.

Kisha akasema, "Acha."

Nikadhani ameshiba. Kumbe anamtazama fundi. Akarudia, "Acha mti."

Nililia, mdogo wangu. Fundi naye akaufunga msumeno kwenye gunia, akaniaga kwa sauti ya chini kama mtu anayetoka msibani.

Sasa kila asubuhi mama ananishika bega tunakwenda kivulini. Uji anamaliza, na akitaka maji ananiita. Chumba sijui tukiweke wapi, na sijui utanielewa.

Dada yako

30 Juni

Dada,

Shikamoo. Nilinuna, sikufichi. Nilitaka chumba ili nikija nisiwe mgeni kwetu. Halafu nikakumbuka mimi sijaisikia sauti ya mama tangu augue, na wewe unaisikia kila siku.

Nimepata likizo, nakuja wiki ijayo. Usihangaike na kitanda. Nitandikie mkeka chini, chumbani kwa mama. Akiamka akataka maji, usiende wewe. Mwache aniite mimi.

Mdogo wako