Kaka Desi, Santuri Zako Zimegawanywa

Kaka Desi,

Usishtuke kuona mwandiko wangu. Najua ulikuwa unasema naandika kama kuku aliyekanyaga wino. Shule niliiacha kambini, kule kwa wakimbizi, nikaja kuiacha tena hapa Texas, kwa hiyo nina uzoefu. Lakini barua naweza. Hakuna kijana Lewisville nzima anayeweza kumwandikia marehemu kama mimi. Wenzangu wanaweka picha ya mshumaa kwenye simu, basi, wamemaliza msiba.

Bado sijalia. Nakwambia mapema usije ukangoja. Siku moyo wako uliposimama pale kwenye maegesho ya ghala, mimi nilimaliza zamu. Nilipanga maboksi. Kwenye mazishi nilibeba jeneza, watu wakasema nina nguvu, na mimi nikakubali kwamba nina nguvu. Nikirudi nyumbani nakula, nalala, naamka. Ni kama ganzi ya daktari wa meno, ila imeshika mwili mzima.

Habari za huku. Yule jirani aliyekuwa akigonga ukuta tukiongeza sauti, ameacha. Hana cha kugongea. Shemeji Konsolata anahamia Houston, kwa dada yake wa Missouri City, kitongoji cha huko huko. Anasema hawezi kulala kwenye nyumba isiyo na mtu wa kurudi.

Juzi tumemaliza matanga, kwenye ukumbi wa parokia. Mzee Bonifasi ndiye aliyesema kwa niaba ya ukoo, na unamjua, hotuba yake lazima ianzie enzi za babu zake. Nguo zako zikagawanywa. Lile koti jeusi kachukua Gaspari na limembana kwapani, ni raha kumwangalia. Kisha mzee akanielekezea fimbo yake.

"Zile santuri za yule Mwingereza, marehemu alikuwa akizisikiliza na Evarist. Evarist achukue, pamoja na mashine yake. Lakini mjane haondoki mikono mitupu. Ile moja ambayo marehemu aliipenda kuliko zote, Evarist aichague, ibaki kwa mjane."

Ukumbi mzima ukanigeukia. Unanijua. Nikasimama, nikakunja mikono, nikasema, "Hilo dogo, mzee. Mimi najua."

Nilikuwa najua nini? Wewe mwenyewe ulikuwa na kipenzi kipya kila Jumapili! Tangu siku ile yule mzee wa Kizungu wa ghorofa ya chini alipohama, akaacha boksi la santuri kando ya pipa la taka. Watu wote walilipita. Wewe, fundi redio wa kambi nzima, ukalibeba kama mtoto. Ukasoma kwenye simu mpaka ukagundua kwamba nyingi zilirekodiwa na mtu mmoja, Mwingereza wa zamani mwenye vituko vyake, hajui kupiga ala, hajui hata kuimba, amepanga vyumba juu ya duka huko London. Mwimbaji anamweka bafuni. Wapiga violini anawapanga kwenye ngazi. "Bafuni, Evarist! Hata sisi tuna bafu!" Ukanisimamisha kwenye beseni la kuogea na kipaza sauti, nikaimba nyimbo za kwaya, sauti ikawa kama ya malaika. Usibishe. Shemeji alikuwa mlangoni na taulo, anauliza kama malaika atatoka lini.

Wiki moja ulilipenda lile kundi lisiloimba, kinanda chao kinalia kama chombo cha angani kinachopita juu ya mawingu. Wiki nyingine ni yule mwigizaji anayemlilia msichana aliyekufa, upepo unavuma nyuma yake. Mimi sikuhama kwa yule kijana wa nywele za dhahabu za kupaka. Ukanicheka. "Hajui kuimba huyo, ana sura tu. Ndiyo maana unampenda, mnafanana." Nikasema asante. Hata leo nasema asante.

Lakini ile niliyoitaka kuliko zote ni ya kundi lenye msichana mpiga ngoma. Ile ya vishindo. Njia nzima kutoka parokiani nilikuwa napanga: shemeji nimpe yoyote, mimi nibaki na hiyo. Hana hata mashine ya kuipigia. Atajuaje?

Kesho yake nikafika kwako. Kaka, santuri zako zilikuwa jikoni. Kwenye kichanja cha vyombo. Zimesimama wima kati ya masufuria.

Wamama wa jumuiya walikuja kuosha vitu vyako kabla ya kugawa, kama ilivyo desturi. Mashuka, viatu, mpaka rimoti ya televisheni. Mama Spesioza akachukua sabuni ya vyombo akasugua kila santuri, mbele na nyuma. Zile karatasi za katikati zenye majina zimebanduka zote. Bahasha zake kazitupa, eti zina ukungu. Nilimkuta bado yupo hapo jikoni. "Zilikuwa chafu, mwanangu. Ona sasa zinavyong'aa." Zinang'aa kweli. Nyeusi tupu, huwezi kujua ipi ni ya nani.

Siku nyingine ningepiga kelele mpaka jirani apate kazi yake. Nilizitazama tu. Nikasema, "Asante, mama."

Ikabidi nizipige moja moja. Shemeji amekaa juu ya sanduku la safari, makochi yameshaondoka. Na hapo ndipo nilipotambua kwamba hajawahi kuzisikia. Anasafisha wodi usiku, analala mchana, akiwa amelala wewe ulikuwa unavaa spika za masikioni ili asiamke, na sauti tuliongeza yeye akiwa kazini. Ya kwanza, chombo cha mawingu. "Mashine imeharibika?" Ya mwigizaji: "Huyu amefiwa au anatafuta mke?" Ya kijana wangu wa dhahabu: "Huyu hajui kuimba." Kweli nyinyi mlioana.

Kisha nikaweka ile ya vishindo. Nikaanza kujidai: hiyo siyo ngoma peke yake, shemeji, Mwingereza aliwaambia watu wakanyage ngazi za mbao, akazirekodi, hizo unazosikia ni nyayo za...

"Nyamaza."

Nikanyamaza. Mimi.

"Rudia."

Nikarudia. Amefumba macho, vidole vinahesabu gotini. Akasema, "Huyo ni Desi anapanda ngazi."

Kumbe kila alasiri ukitoka ghalani na yale mabuti yako, alikuwa anakusikia tangu ngazi ya chini. Alikuwa macho. Akishasikia umefika, moyo wake unatulia, anageukia ukutani. "Alikuwa anavua viatu mlangoni, anatembea kwa ncha za vidole, maskini. Nikajifanya nimelala. Ningemwambia nilikuwa namngoja, angeacha kufanya ile zamu ya ziada aliyoitaka, awahi nyumbani. Mimi nikaona nimwache."

Nilitaka kumwambia hao ni Waingereza, shemeji, wako London. Badala yake nikairudisha sindano mwanzoni.

Akauliza, "Ndiyo hii aliyoipenda kuliko zote?"

Nikasema ndiyo. Sijui kama ni kweli. Ungekuwepo ungenibishia mpaka chakula kipoe.

Nikaiondoa kwenye mashine nimpe. Mkono ukatikisika, sindano ikaikwaruza kidogo, pale mwanzoni. Ndicho kitu pekee mwili wangu umefanya tangu ufe. Machozi hakuna. Shemeji aliifunga kwenye kanga yake, akaiweka sandukuni katikati ya nguo, mimi nikabeba boksi langu nikashuka.

Basi, kaka, lala. Sina maneno ya padri, na ya kwangu umeshayasikia. Ila nakuahidi hili. Jumamosi nita-drive mpaka Missouri City na mashine yako, nimwachie. Hizi zangu zitakaa kimya mpaka nipate mashine nyingine, hazitakufa. Nitamfundisha kushusha sindano polepole, kupita ule mkwaruzo. Kisha nitatoka nikakae kwenye gari, vioo juu, ili asikilize bila mtu wa kumweleza kitu.

Mdogo wako mwenye sura,
Evarist