Mama Niliyemzaa

Jumatatu, 6 Oktoba
Nimefagia uwanja. Nimemwamkia Nalinga shikamoo kama kila siku. Kaitikia marahaba, kakohoa mara mbili. Kikohozi cha marehemu mama yangu kabisa. Korosho zimeanguka nyingi upande wa bondeni, tumeokota mpaka jua kali.

Miaka kumi na minne sasa. Nilimzika mama, miezi mitatu baadaye nikajifungua, mtoto nikampa jina lake, Nalinga. Wenzangu wana watoto, mimi nina mama. Nani mwingine hapa Mbekenyera anamlea mama yake mwenyewe? Kambare hali, kama marehemu. Ana miaka minne alikwenda nyuma ya jiko akafukua shanga alizozificha mama kabla sijaolewa. Hakuna aliyemwambia. Majirani walikimbia. Mimi nilipiga vigelegele.

Jumatano, 8 Oktoba
Anataka kubatizwa. Tangu mwaka jana anakwenda mafundisho kwa katekista, nikadhani anafuata kwaya. Maana sauti anayo, tusidanganyane, anawafunika wote. Padre anakuja kigangoni tarehe 19. Jina kachagua, Tekla. Inatakiwa mimi mzazi nikubali.

Mimi nilibatizwa nikiwa mchanga. Yeye sikumpeleka, makusudi. Nilihofia maji yatamwondoa mama.

Nimesema tutaona.

Ijumaa, 10 Oktoba
Hakuitikia. Nimemwamkia, kainama anafunga kiatu. Wakati wa kula kaacha kigoda cha mama, anachokalia tangu ana miaka mitatu. Kakaa mkekani na mimi.

Saa saba mchana, shambani, nimesikia kikohozi. Mara mbili. Nalinga alikuwa mbele yangu, mdomo umejaa bibo. Kimetoka nyuma yetu, kwenye mikorosho. Nimekwenda kutazama. Majani makavu tu.

Jumapili, 12 Oktoba
Dada yangu mkubwa kaja kutoka Nachingwea, nilimpigia simu. Hakuzunguka.

"Ukikubali, mama anatoka. Na akitoka hana pa kukaa."

Akampigia mtoto magoti. "Shikamoo mama."

Nalinga kalia. Sijawahi kumwona analia vile. "Inuka, mama mkubwa. Mimi mtoto wako." Kisha kanigeukia mimi. "Kama mimi ndiye niliyekuzaa, mimi nani kanizaa? Mungu ananiita mwanangu. Wewe hujaniita hata siku moja."

Nimeitafuta hiyo siku moja. Sijaipata.

Jumanne, 14 Oktoba
Kikohozi sasa kiko nyuma ya jiko. Mchana kweupe. Kuku wametawanyika. Nimeingia ndani, nimegusa kigoda. Kina joto. Jua halifiki pale, na wote tulikuwa shambani.

Naogopa. Kibaya zaidi, namtaka. Nimesema kwa sauti, mama, usiende. Kugeuka, Nalinga yuko mlangoni na ndoo. Amesikia. Amejua sikumwambia yeye.

Alhamisi, 16 Oktoba
Nimekwenda kaburini peke yangu. Sijafika tangu tulipomzika. Ningekwendaje, wakati mama yuko nyumbani? Vichaka vimelifunika. Aibu. Nimefyeka mpaka mikono imetoka malengelenge. Nimezirudisha shanga zake, nimezifukia pale kichwani.

Nimemwambia, mama, sikukuacha upumzike. Na mtoto nimembebesha marehemu tangu ana siku saba. Wewe unaye Baba yako mbinguni, ndiye Baba yake yeye. Hata wangu mimi ni huyohuyo. Nisamehe.

Nimelia kile kilio ambacho msibani sikulia. Njiani kurudi nimepita kwa katekista. Nimekubali.

Jumapili, 19 Oktoba
Amebatizwa. Gauni jeupe limetoka Nachingwea, kalileta dada. Kanuna, lakini kalileta.

Maji yalipomgusa nilishika benchi nikasubiri kikohozi. Hakuna. Padre kamwita Tekla, kamwita mtoto wa Mungu, na mtoto kanitazama akacheka. Ana jino moja la upande limepanda juu ya mwenzake. Mama hakuwa na jino lile. Baba yake, huko aliko, pia hana. Miaka yote hiyo sikuwahi kuliona.

Jumatatu, 20 Oktoba
Nilikuwa nafagia. Kikohozi kimesikika. Mara moja tu, mbali, kule bondeni. Shikamoo ikanijia mdomoni. Nimeimeza.

Mlango ukafunguliwa nyuma yangu.

"Shikamoo mama."

Ya kwanza tangu nimzae.

"Marahaba, mwanangu."

Kikohozi hakikurudi. Kuku hawakutawanyika. Tumechukua ndoo tukaenda kuokota korosho, ile kubwa kabeba yeye. Kufika saa nne ilishajaa. Mwanangu huyu ana mikono myepesi, aje wa kumshinda Ruangwa nzima.