Ndoo za Siku ya Kura

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Hapa Mungaa hatujambo, na yule mbuzi mweupe kazaa mapacha.

Unauliza wajitoleaji wasio na gari wala kipaza sauti watamng'oaje diwani wenu. Sisi wetu, wa ahadi hewa za bomba la maji, tulimng'olea kisimani! Siku ya kura wanawake waliogopa kuacha foleni ya maji. Nikawaambia, "Nendeni mkapige kura, ndoo zenu nitazisogeza." Nikazisogeza kutwa, hata ya mke wa diwani. Wenzangu wakanuna. Nikawajibu, "Naye ana kiu."

Matokeo yalipotoka, diwani chali! Katikati ya vigelegele mkewe akaninong'oneza, "Asante, dada. Hata mimi foleni imenichosha."

Bibi yako, anayekuandikia huku bomba likijaza ndoo uani.