Nozeli Iliyobaki Kwenye Boksi la Chaki

Temeke, Dar es Salaam
Jumapili asubuhi

Dada yangu Somoe,

Shikamoo, dada. Mama namwamkia kwa magoti yote mawili, na shemeji Bakari namsalimu ikiwa bado anazitaka salamu zangu. Bega la Mama linaendeleaje? Uliniandikia kwamba amerudi kwenye kinu, anatwanga muhogo mwenyewe kwa kuwa mashine ya kusaga haijawaka mpaka leo. Tangu nisome hayo, kila nikiketi kula namwona ameshika mchi. Sisi huku tu wazima wa mwili. Watoto wanakohoa kidogo kwa hizi mvua, na wifi yako Zainabu anafua uani huku akinitupia jicho aone kama kweli naandika au natafuna kalamu tu.

Naandika, dada. Tafadhali isome yote wewe kwanza, umsomee na shemeji, halafu umpelekee katibu wa kijiji.

Barua yako ilinifikia Jumatatu, wakati wa chai ya saa nne. Nilikuwa na wiki ya kukimbizana. Kozi ya maofisa ugavi ilikuwa inafungwa Ijumaa, wanafunzi ishirini na wawili kutoka nchi sita, wote watu wazima wenye vyeo vyao, na mkufunzi mwenzangu yuko kitandani kwa homa. Kwa hiyo masomo yake na yangu yote niliyabeba mimi. Nikaifungua barua nikiwa nimesimama, kikombe mkononi, nikitegemea kusoma habari za korosho.

Nikasoma kwamba kreti ya mashine ilipofika, nozeli, kile kipande cha shaba kinachonyunyizia dizeli ndani ya injini, haikuwamo. Kwamba shemeji, aliyetumwa kuipokea Mtwara na kuisindikiza mpaka kijijini, aliifungua peke yake kabla halmashauri ya kijiji haijakutana, kwa sababu ilinyeshewa njiani akaogopa vyuma visishike kutu. Kwamba sasa wanasema ameiuza. Amenyang'anywa funguo za banda la mashine, akiingia duka la ushirika watu wananyamaza, na nozeli isipoonekana hadi mwisho wa mwezi atapelekwa polisi wilayani. Na ukaandika kwamba hati iliyokuja na kreti inasema kila kitu kimo, na chini yake ipo saini yangu. "Wanasema Issa hawezi kukosea," uliandika, "maana kuhesabu mizigo ndiyo kazi anayoyafundisha mataifa."

Dada, shemeji Bakari hakuiba kitu. Nozeli ninayo mimi.

Sikuiba na mimi, lakini ngoja nieleze ilivyokuwa, uone kama nina nafuu yoyote. Miezi miwili iliyopita nilikuwa na kozi nyingine. Mie huwa napenda somo la ukaguzi wa mali lifanyike kwa mali yenyewe, siyo kwa picha ubaoni, kwa hiyo nikaomba bohari iliyo jirani na chuo, huku Barabara ya Pugu, waniletee kreti moja iliyokuwa inasubiri kwenda bandarini. Niliposoma anwani nikakuta ni ya kijiji chetu. Nilifurahi nusura nirukeruke. Nikawaambia wanafunzi, "Mashine hii itamsagia mama yangu," nao wakapiga makofi. Tukapanga vifaa vyote juu ya meza, kila mtu akashika kimoja na kukitafuta kwenye orodha. Hakuna kilichopungua.

Nilikuwa katikati ya somo mkuu wa chuo akaniletea wageni kutoka wizarani, na nje dereva wa lori anapiga honi, meli inapakia. Nikawaambia wanafunzi warudishe vitu upesi. Sikukagua tena. Nikaandika "Imekaguliwa, imetimia," nikatia saini nikiwa nacheka na wageni, kreti ikapigwa misumari ikaondoka. Na ubaoni nyuma yangu, kwa mwandiko wangu mwenyewe, palikuwa pameandikwa: Usitie saini kwa usichokiona.

Wiki iliyofuata nikaikuta nozeli ndani ya boksi la chaki, imefungwa kwenye kitambaa chake cha grisi. Hapo ndipo lilipo kosa langu kubwa. Sikuuliza imetoka wapi. Nilijiambia kwamba watu wa bohari wameniachia kwa ajili ya masomo, nikajipongeza kwa kupata kifaa kizuri cha kufundishia. Kwa karibu miezi miwili nimekuwa nikiizungusha darasani, mkono kwa mkono, nawauliza watu wazima, "Hiki ni nini, na kikikosekana nini kitatokea?" Nao wananijibu, "Injini haiwaki, Mwalimu." Nami nasema, "Vizuri sana."

Jumatatu ile, kengele ya chai ilipolia nikarudi darasani na barua mfukoni, nikafungua boksi kuchukua chaki, nozeli ikanitazama, ndipo nikaelewa kwamba katika haraka ile mwanafunzi mmoja aliitia humo badala ya kwenye kreti. Nikaifunika, nikaendelea na somo.

Nisingependa ujue yaliyofuata, lakini nimejiahidi kutoficha. Nilinyamaza wiki nzima. Jumanne niliwapeleka wanafunzi bandarini, nikaziona meli za kusini zinapakia, nikanyamaza. Jumatano tulifanya mazoezi ya kufungua zabuni, nikajifanya mchangamfu kuliko siku zote. Nilijiambia kwamba nitasema Ijumaa ikipita, kwani wageni wanakuja, na itakuwaje mwalimu wa ukaguzi aonekane ameangushwa na kreti moja? Niliona haya, dada. Wakati mume wako anapita njiani ameinamisha kichwa, mimi nilikuwa nalinda sifa.

Alhamisi ndiyo iliyonimaliza. Yupo mwanafunzi mmoja kutoka Msumbiji, Ndugu Anselmo, mtunza bohari, mtu mpole anayesema Kimakonde chetu maana wakati wa vita vya kwao aliishi upande huu wa mpaka. Alikwenda kuchukua chaki, akatoka na nozeli, akaiinua mbele ya wote.

"Mwalimu, mie nina swali," akasema. "Tuseme hiki hapa kimepotea safarini. Hati inasema kilikuwemo. Aliyepokea anaapa hakukikuta. Nani anawajibika?"

Jibu la kitabu nalijua usingizini. Nikasema, "Aliyepokea. Hati ndiyo inayoaminiwa."

"Hata kama hati ndiyo yenye kosa?"

"Atathibitisha vipi?" nikamjibu.

Wakaandika wote kwenye madaftari yao. Ndugu Anselmo akairudisha nozeli mezani taratibu, akasema, "Basi maskini huyo mtu." Wengine wakacheka. Niliwaamuru wafungue ukurasa mwingine. Nilikuwa nimemhukumu shemeji kwa mdomo wangu mbele ya nchi sita.

Ijumaa tulifunga kozi kwa soda na hotuba. Mkuu akanisifu, akasema safari ya kufundisha Lusaka ni yangu tena. Jioni, kabla jua halijazama, nilimweleza Zainabu. Na usifikiri nilikwenda kwake kutubu. Nilikwenda na mpango. Nilitaka niifunge nozeli kwenye kifurushi, niandike kikaratasi kwamba bohari imepata nyingine na imeituma, basi. Mashine iwake, Mama aachane na mchi, maneno yaishe yenyewe.

Zainabu alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. "Mashine itawaka," akasema, "na Bakari atabaki mwizi. Watasema kaka wa mkewe kamfichia aibu. Mpaka watoto wao waoe wataambiwa."

"Sasa unataka mie nifanyeje?"

"Mie? Mie sikutia saini popote."

Jana asubuhi nikaenda nyumbani kwa mkuu, kule Ukonga, nikamwekea nozeli mezani na kumwambia yote. Amenitaka niandike maelezo, na mpaka jambo lichunguzwe sitasimama darasani. Lusaka atakwenda mwingine. Nimekubali bila kinyongo, na nimeomba ruhusa ya wiki mbili. Barabara ya Rufiji imekatika kwa mvua, kwa hiyo nitapanda meli ya Alhamisi hadi Mtwara. Nozeli naileta mwenyewe, sitaki kumtwisha mtu mwingine mzigo wangu tena. Barua hii inatangulia kwa ndege ili ifike kabla ya mwisho wa mwezi.

Mwombe katibu aisome kwenye mkutano wa kijiji, siyo ofisini kwake. Shemeji alitajwa mwizi mbele ya watu, basi asafishwe mbele ya watu, na asikilize akiwa ameketi mbele, siyo nyuma. Funguo za banda arudishiwe kabla sijafika. Nikifika nitasimama mahali hapo hapo niulizwe lolote, na yeyote mwenye neno la hasira aniambie mimi.

Mwambie Mama nilizoea kumwandikia sifa zangu tu, za ndege na mahoteli, nami nikafika mahali nikaziamini kuliko macho yangu. Anisamehe akiweza. Kwa shemeji sina maneno, nitayatafuta ndani ya meli.

Nisalimie balozi wetu wa nyumba kumi, ambaye uliandika kwamba peke yake alikataa kumshuku Bakari; nina deni la kumpa mkono. Wasalimie mafundi wa banda la mashine, na mama mkwe wako, hata kama hatataka kusikia jina langu. Wanao wabusu, uwaambie baba yao ni mtu mwaminifu, na aliyeyasema hayo ni mjomba wao.

Usishangae kwamba sikumalizia kwa kuandika "mdogo wako" kama siku zote. Nimeweka jina langu kamili na saini ile ile ya kazini, ili katibu aichukue hati ya kreti, aiweke kando ya barua hii, na watu wote wapite mmoja mmoja waone kuwa aliyetia saini ni mtu yule yule. Ile nilitia bila kuangalia. Hii nimeisoma kila neno, mara tatu, ndipo nikatia.

Issa Hamisi Chilumba
Mkufunzi wa Ugavi