Jina Lako Uani Kwetu

Chumba cha pili kutoka bombani,
Jumanne, 14 Mei.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. U hali gani? Kifua kimeachia? Sisi tu wazima, tunakula na kulala, ingawa usingizi wangu siku hizi ni wa mang'amung'amu. Somo wako ameota magego, anang'ata kila kitu.

Simu yako ina nini? Tangu uliposema kifua kinabana, kila nikipiga haipatikani. Najiambia ni chaji tu.

Shangazi, jina ulilomrithisha mwanangu si la kutafuta kwa tochi. Hapa uani walikuwa nalo watatu: yeye, fundi wa kuchomelea wa chumba cha mwisho, na paka wa mama mwenye nyumba. Paka akiitwa kula, fundi huitikia, "Nakuja mama, na mimi unibakizie kichwa cha samaki." Tulikuwa tunacheka mpaka mbavu ziume.

Kicheko kimekatika. Fundi aliteleza kwenye ngazi akavunjika mguu. Wiki hiyohiyo paka alikataa kula, asubuhi tukamkuta amekauka chini ya karo. Jirani yangu mshonaji akaniambia, uzi ukiwa mdomoni, "Hilo jina limeanza kuandamwa. Mtoto usimtaje." Nikamwambia aache maneno yake. Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Basi uani pote tukakubaliana kulificha jina. Mtoto tukamwita Kijiko. Akiitwa hivyo hugeuka nyuma kumtazama huyo Kijiko ni nani.

Juzi nilikwenda kazini kwa dobi kupiga pasi mashuka ya hoteli, mtoto nikamwachia mshonaji. Narudi, namkuta mshonaji anazunguka uani bila viatu. "Kijiko haonekani, mwenzangu. Nimegeuka kutia uzi tu." Tukatafuta bafuni, chini ya vitanda, na nje barabarani ambako malori hayajui kupunguza mwendo. Kila mtu anaita Kijiko, Kijiko. Kimya. Pipa la maji lilikuwa wazi. Shangazi, niliinama kulichungulia nikiwa nimefumba macho.

Hapo nikasahau makubaliano yote. Nikaliita jina lako kwa pumzi yangu yote.

"Abee, mama." Sauti ilitoka ndani ya kabati la chuma ambalo fundi hajalimalizia. "Naam," fundi naye akaitika kitandani na plasta yake, akidhani kuna chai.

Nikamuuliza mtoto mbona hakuitika muda wote huo. Akasema alikuwa anangoja na yeye aitwe.

Kijiko tumemzika siku hiyo. Nilikuwa nimepanga kukuomba ruhusa tumbadilishie jina, sasa siombi tena. Ila hofu haijanitoka, imehama tu. Kila nikimwita mtoto nakukumbuka wewe na kile kikohozi, mkono unatafuta simu.

Msalimie mzee wako fundi viatu, na binamu zangu pacha. Waambie wasikuache uinue ndoo. Mungu akufunike kama unavyomfunika mtoto aliyelala, akulainishie kifua, akulete umshike somo wako.

Nimeita, Shangazi. Wawili wameitika. Nakungoja wewe.

Wako akupendaye,
Mwana wa kaka yako, mama wa somo wako.