Sanduku la Bastola za Method, na Mtani Aliyelibeba Tukicheka

Mwaka umezunguka, Method Mayala, baba Rhoda, tangu tulipokulaza nyuma ya zizi lako hapa Dutwa, Julai ya 1995, magari ya wanunuzi wa pamba yakipita barabarani bila hata kupunguza mwendo. Mwaka mzima, na mpaka leo mkeo Nyanjige akisikia komeo la mlango likilia, hugeuka kutazama.

Ulikuwa mtu mwema, na tuseme tu ukweli, wema wako ulizidi kipimo. Ulikuwa fundi wa kinu cha kuchambulia pamba cha ushirika, na hata kinu kilipofungwa watu waliendelea kukuletea baiskeli, redio na pampu zao, nawe ukazitengeneza huku unapiga mluzi. Chai hukunywa mpaka ipoe kabisa. Nyanjige bado anakumiminia kikombe, halafu anakumbuka.

Na ulikuwa na wazimu wako. Bastola ya kwanza alikupa padre wa Kimarekani alipokuwa anarudi kwao, shukrani ya miaka yote uliyomtunzia jenereta ya misheni. Ilikuwa ya babu yake, askari wa farasi wa zama zile Wamarekani walipokuwa wakiwanyang'anya wenyeji ardhi huko magharibi. "Imeua watu hii, Method," alikwambia. "Ikae kwako, isiue tena, na isiuzwe." Ukaikata pini ya kufyatulia isipige tena, ukaipeleka polisi wakaikagua, wakacheka, wakakuruhusu ukae nayo. Ulirudi nyumbani ukatangaza kwamba bastola imestaafu.

Ya pili, ya aina ileile, ulimbembeleza mwenye duka wa Kihindi aliyeachiwa na mwindaji, mpaka akakupa. Ya tatu uliikuta Sapiwi kwa mzee mmoja anapigilia nayo misumari, ukampa mtamba. Mtamba mzima! Nyanjige alinuna siku hizo. Baadaye ndiye aliyekuwa akikuchagulia pamba nyeupe ya kuzifutia.

Jumapili mkitoka kanisani ulitandika ngozi ya ng'ombe uani, ukazipanga, ukazipaka mafuta. Ubavuni zilichorwa herufi mbili, US. Watoto wakiuliza maana yake, ulijibu bila kupepesa macho: "Usukuma." Kisha ulivuta nyundo ya bastola polepole, ikalia mara nne, nawe ukaitafsiri: u, su, ku, ma. Keneth mwanao aliamini hivyo mpaka alipofika sekondari, na akagombana na mwalimu.

Dastan alikuwa akikaa pembeni ya ngozi hiyo kila mara. Mgogo wa Dodoma, dereva wa lori la ushirika, mtani wako. Wewe ulimwambia kwao mvua ni hadithi, yeye alikuambia Msukuma akiona lami anavua viatu. Alikula kwenye sahani yako. Ushirika ulipoyumba na ruksa ya kila mtu kununua pamba ilipokuja, alipata kazi kwa mnunuzi mmoja wa kigeni, na siku moja akamleta bosi wake uani kwetu. Yule mgeni alizishika bastola kama mtu aliyeokota mtoto wake. Akataja bei. Ukamwambia, "Bwana, hii si pamba." Dastan alicheka kuliko sisi sote. Leo tunajiuliza alikuwa akimcheka nani.

Siku ya mazishi yako, Nyanjige alitoa sanduku la bastola akaliweka kando ya jeneza, watu waone ulichokipenda. Dastan akaja na koti amelivaa kinyume. Akaingia kaburini, akalala, akasema hatoki mpaka apewe kitu. Alipotolewa akafungua sanduku, akachukua bastola ya padre, akatembea kwa kuchechemea kama wewe, akaipulizia mtutuni. "U, su, ku, ma!" Akafunga sanduku, akalitia begani. "Hili nimelichukua mimi mtani, mpaka mnikomboe!" Wote tukacheka. Nyanjige naye alicheka, mara ya kwanza tangu ulipokata roho, akashikwa mkono na dada yako Milembe asianguke.

Watani ndivyo wafanyavyo, wanachukua kitu cha marehemu, halafu wanakirudisha wakipewa kuku na pombe. Nyanjige akatenga jogoo mwekundu wa kumkomboa. Matanga yakaisha, Dastan hakuja. Arobaini ikapita. Nyanjige alikuwa akisema, "Ana safari nyingi, shemeji yangu, msimu wa pamba huu."

Ndipo Keneth akakutana naye Bariadi mjini, ameegemea pikapu yake mwenyewe, mpya.

"Shikamoo baba mdogo. Mama anaulizia lile sanduku."

"Marahaba. Lilishasafiri, mwanangu. Mzungu alienda nalo kwao."

"Lakini uliliomba kwa utani!"

"Sikuomba. Nililibeba mchana, mbele ya watu wote, mkacheka. Nani alinizuia?"

Keneth alirudi akatueleza maneno hayo hayo. Tulitaka kwenda polisi. Nyanjige akakataa. "Niende nikaseme nini? Kwamba aliniibia huku ninacheka?" Akaingia ndani, akakaa na mlango umefungwa.

Bastola zinamuuma, Method, na ahadi uliyompa padre inamuuma zaidi, maana uliilinda ukiwa hai na imevunjwa juu ya jeneza lako. Ila kinachomchoma kuliko vyote ni kile kicheko. Kilikuwa faraja yake ya pekee siku ile, na Dastan alikitumia kutoroka na sanduku. Alitupaka mafuta kwa mgongo wa chupa tukiwa kwenye matanga. Wagogo wenzake wa Bariadi mjini walikuja kutuona, watu wazima, wakashindwa kukaa kwenye viti kwa aibu. Hatuna neno nao. Tumewaambia utani wetu na wao uko palepale.

Asubuhi ya leo, tulipotoka kukusomea misa, Nyanjige alimkamata yule jogoo mwekundu. Mwaka mzima hakuruhusu mtu amguse. Kila gari liliposimama nje alimtafuta jogoo kwa macho kwanza. Rhoda akamuuliza mama yake, "Mayu, na baba mdogo akija je?"

"Hana cha kukombolewa," alisema, akamkabidhi Keneth kisu. "Tumle sisi."

Tumemla. Kikombe chako cha chai kipo mezani, kinapoa.

Unakumbukwa na mkeo Nyanjige, wanao Rhoda na Keneth, dada yako Milembe, wajukuu, na majirani wote wa Dutwa ambao pampu zao bado zinavuta maji. Wewe, Method, tutakukumbuka daima.

Dastan naye tutamkumbuka.