Uvimbe Uliobaki Nyuma

Jumanne, mwezi wa saba. Upepo wa Singida leo haukuwa na adabu hata kidogo, umerusha vumbi mpaka ndani ya kikombe changu cha chai. Nimerudi nyumbani jua bado lipo, nimevua viatu, nimekaa. Mwili umechoka ila akili imegoma kupumzika, kwa sababu kuna picha moja inanijia tena na tena.

Unajua kazi yangu, shajara. Nashinda kwenye chumba chenye giza, napaka watu jeli ya baridi tumboni, nawaambia wabane pumzi, naangalia kioo cha mashine ya ultrasound. Siku nyingi naona mawe kwenye nyongo na watoto wanaocheza tumboni mwa mama zao. Leo nimeona kitu ambacho nilikuwa nakijua kwa kukisoma tu.

Mgonjwa ni mama mmoja wa Ulemo, kule Iramba. Jina lake sitalitaja, humu nitamwita Mama Vitunguu, maana ndiyo kilimo chake na ndiyo hadithi yake yote. Kila akiinama kung'oa vitunguu, moyo unamwenda mbio, kichwa kinapasuka, jasho linamlowesha hata kukiwa na baridi. Kisha inapita. Shemeji zake wanasema ni uvivu. Mmoja wao, mwenye huruma zaidi, anasema ni mapepo.

Kwenye kituo cha kule walimpiga picha wakaona uvimbe kwenye ini, wakamleta kwetu. Mpango ulikuwa kesho asubuhi daktari apitishe sindano ndefu katikati ya mbavu achukue kinyama cha kupima, na mimi nishike kifaa nimwonyeshe njia. Leo nilitakiwa nitafute njia hiyo tu. Nakiri kwamba nilikuwa nimeshaamini ni ini. Aliyenitangulia alisema ini, nami nikaangalia nikaona ini.

Nikamlaza, nikamwambia avute pumzi aibane, asiongee. Akabana vizuri sana. Picha ikatulia, nikaanza kupima.

Hapo Neema, nesi wetu, akaingia kuchukua jeli.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, hujambo? Nyumbani hawajambo? Na huu upepo?"

Pumzi yote ikatoka, picha ikavurugika. Nikakasirika, sifichi. Nikamwambia mama tulikubaliana asiongee.

Akanigeuzia uso, akanitazama kana kwamba nimelelewa porini. "Sasa mwanangu, mtoto anakuamkia, wewe unamnyamazia?"

Nilikuwa simsikilizi vizuri, kwa sababu jicho langu lilikuwa limenasa kwenye kioo. Wakati anaitikia, ini lilishuka na kupanda pamoja na pumzi, kama kawaida yake. Uvimbe haukulifuata.

Ini liliteleza. Uvimbe ulibaki nyuma.

Kama ungekuwa umeota kwenye ini, ungepanda nalo na kushuka nalo. Hili nilifundishwa chuoni, na nadhani hata kwenye mtihani lilikuja. Lakini nimezoea kuwinda picha iliyotulia, na kwenye picha iliyotulia vitu viwili vilivyogusana vinaonekana kitu kimoja.

Nikamwomba Neema atoke, aingie tena, aamkie tena. Alidhani nimechanganyikiwa, ila akafanya. Mama akaitikia, mara hii akaulizia mpaka mifugo ya kwao Neema, na mimi nikaona tena ule mstari mwembamba kati ya ini na uvimbe ukifunguka na kujifunga. Tukarudia.

"Leo mtaniamkia mara ngapi?" akauliza Mama Vitunguu. Nilicheka peke yangu gizani.

Nikaufuata uvimbe kwa nyuma. Umekaa juu ya figo ya kulia, pale penye tezi ndogo ambayo kwa kawaida hata siioni. Nikampigia daktari simu aje aone. Wakati namsubiri, mama akashuka kitandani, akainama kutafuta ndala zake.

Alipoinuka, uso ulikuwa umebadilika rangi. Jasho lilimtoka usoni na shingoni, mikono inatetemeka. Tukamkalisha. Daktari alimkuta hivyo hivyo, na hakuuliza habari ya picha, aliomba kipima presha. Asubuhi presha yake ilikuwa ya kawaida. Sasa ilikuwa imepanda mpaka daktari akampima tena kwenye mkono wa pili. Tukakaa naye. Taratibu ikashuka, kama alivyosema mwenyewe siku zote.

Ndipo daktari akatazama picha niliyokuwa nimeigandisha kwenye kioo. Akaniambia kuna uvimbe wa tezi ile ya juu ya figo, adimu sana, unaomwaga kwenye damu ile kemikali ya mshtuko, ile inayokupandisha moyo ukikoswakoswa na gari. Ukiubonyeza, unamwaga. Ukiuchoma sindano kabla mgonjwa hajaandaliwa kwa dawa, presha inaweza kupaa na mtu akafia mikononi mwako.

"Kesho hakuna sindano," akasema.

Atapelekwa Dodoma, wakapime mkojo na damu, wampige na picha ya CT. Huenda ni huo, huenda ni kingine. Daktari alimweleza wazi kwamba hatujui bado, ila jambo lipo, lina mahali pake, na kuinama kunaliamsha.

Mama Vitunguu akauliza, "Kwa hiyo mimi si mvivu?"

Nilijifanya nafuta jeli kwenye kifaa.

Sasa nimekaa hapa na swali langu. Ningemkuta mgonjwa mtiifu, anayebana pumzi mpaka mwisho na kumnyima Neema jibu, ningeona nini? Ningeona ini. Ningemaliza kupima, ningeandika njia, na kesho asubuhi mkono wangu huu ungeielekeza sindano palepale.

Gari la wagonjwa linaondoka kesho mapema. Nitapita wodini kabla yake, nimwamkie. Sitamwambia abane pumzi. Nitasimama nisikilize mpaka amalize kuniuliza habari za nyumbani.